Mkono Ambao Haukufuata Ukuta

Mlipokuja barazani kwangu hapa Baraka, mkiwa mmebanana kwenye benchi moja kana kwamba lile la pili lina ugonjwa, mliniuliza kwa nini katika mtihani wenu niliwanyima alama wote walioandika kwamba neva fulani ya mkono “hupita hapa,” nikawapa alama wale wachache walioandika kwamba “mara nyingi hupita hapa.” Mmoja wenu alinong’ona kwamba mzee amechoka. Sijachoka, na masikio yangu bado yanafanya kazi. Nimeamua kujibu kwa maandishi, kwa sababu neno linalosemwa barazani hufika sokoni likiwa limeota pembe na mkia.

Nitatenganisha mambo matatu kama nilivyofundishwa: niliyoyaona, niliyoyasoma na niliyoyasikia. Aliyenifundisha kuyatenganisha alikuwa Dokta Wilondja, daktari mkuu wa hospitali nilikoanzia kazi kule juu Fizi. Mtu hakuruhusiwa kumpa habari ya mgonjwa bila kutanguliza mojawapo ya maneno hayo. Ukisema, “Mama wa kitanda cha dirishani ana homa,” alikutazama tu, akaendelea kukutazama, mpaka useme, “Nimesikia kwamba ana homa.” Hapo akajibu kwa upole, “Basi nenda ukaone.” Tulimchukia kwa jambo hilo. Leo, nikihesabu watu ninaowashukuru baada ya wazazi wangu, ninaanza na yeye.

Sasa mkono wenyewe, sehemu iliyo kati ya bega na kiwiko. Mizizi ya neva inayotoka shingoni husukana kwapani kama nywele za msichana anayesukwa, kisha hutoka matawi yenye majina. Mawili yanatuhusu. La kwanza wakufunzi wangu wa Bukavu waliliita kwa Kifaransa musculo-cutané. Mimi nitaliita neva ya kukunja, kwa kuwa ndiyo inayoipa misuli ya mbele nguvu ya kukunja kiwiko. Mara nyingi hutoboa msuli mdogo karibu na bega, ikajificha kati ya misuli miwili ya mbele na kuigawia matawi, halafu ikamalizikia kwenye ngozi ya kigasha, yaani kati ya kiwiko na kiganja, upande wa nje. La pili ni neva ya kati, yaani médian. Hiyo hushuka upande wa ndani pamoja na mshipa mkubwa wa damu, na mara nyingi haigawi chochote mpaka ikikaribia kiwiko.

Mara nyingi, lakini si kwa kila mtu. Katika baadhi ya watu neva hizi mbili hutumiana tawi njiani, kama majirani wanaopitishiana moto juu ya ua. Katika wengine neva ya kukunja haipo kabisa kama neva inayojitegemea: nyuzi zake husafiri ndani ya neva ya kati, kisha hutoka katikati ya mkono na kuielekea misuli. Mtu wa namna hiyo analima, anavuta nyavu, anabeba mtoto, anazeeka na kuzikwa bila kujua lolote, kwa kuwa si ugonjwa. Hatari huanza siku anapokutana na mtu mwenye kisu na uhakika.

Haya niliyasoma kwanza. Katika kitabu chetu cha chuo yalikuwa chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo ambazo wanafunzi waliziruka kwa kuwa hazikuulizwa. Kuyaona kulikuja baadaye, na kwa hilo ninamshukuru mvuvi mmoja wa Swima, Mzee Lukele.

Mnajua desturi yetu: kiungo kinachokatwa hospitalini si mali ya hospitali. Hurudishwa kwa wenyewe, kikafungwa kitambaa na kuzikwa. Kwa hiyo, wakati vyuo vikubwa vina miili ya kujifunzia, sisi tulikuwa na miguu ya mbele ya mbuzi kutoka kwa wachinjaji, na ruhusa za watu. Mzee Lukele aliletwa baada ya mamba kumshika mkono alipokuwa akiosha nyavu. Alichelewa kufika na mkono ulikuwa umekwisha kufa. Dokta Wilondja aliketi kitandani pake kabla ya upasuaji, akamwambia waziwazi.

“Mzee, mkono huu hauponi. Tutaukata. Kabla ya kuwapa wa nyumbani mwako wauzike, ninaomba tuufungue sehemu ya juu, tujifunze. Ukikataa, nitaufunga kitambaa mbele ya ndugu zako na hakuna atakayeugusa.”

“Mutaona nini?” Mzee Lukele aliuliza. “Iko nyama na mufupa tu. Ya mbuzi hamuyaona?”

“Ya mbuzi tumeona. Ya kwako bado.”

Mzee alifikiri. “Basi muangalie. Lakini murudishe yote. Siku ya ufufuo mi sitaki kuanza kutafuta kidole kwa Docteur.”

Tuliufungua. Palikuwa na tawi jembamba likitoka neva ya kukunja kuingia neva ya kati, mahali ambapo picha za kitabu ziliacha nafasi tupu. Dokta Wilondja alitufanya sote tupite mmoja mmoja, tuliinue kwa kibanio na kuliweka chini. Kisha tuliushona mkono vizuri, tukaufunga na kuukabidhi. Mzee Lukele alipopata nguvu alidai hesabu: “Sasa muliona nini?” Tukamweleza. Akarudi Swima akitangaza kwamba mkono wake ulikuwa na nerf moja zaidi kuliko ya madaktari wote wa Fizi, na ndiyo maana mamba aliupenda. Habari hiyo iliposhuka na kufika Baraka ilisema kwamba mzee ana mioyo miwili. Nimewaonya kuhusu pembe na mkia.

Familia zilizotukubalia namna ile zilikuwa kadhaa. Wengine walikataa, na hatukuwalaumu. Waliokubali walitupa kitu ambacho hakuna shule ya nchi hii ingeweza kutununulia. Ninyi mnaosoma haya mnakula matunda ya viungo vilivyozikwa kwa heshima katika makaburi ya Swima na Makobola, na itawafaa kulikumbuka jambo hilo mnapolalamika juu ya ubovu wa mabenchi yenu.

Sasa nije kwenye ukuta.

Wakubwa wenu wanaukumbuka. Vita vilikuwa vimekula vitabu vya shule ya wauguzi, na mkuu wa shule, mtu mwenye akili ya kutafuta njia, alimwita mchoraji wa vibao wa hapa mjini. Ni yule aliyechora vichwa vya watu kwenye kuta za vinyozi na samaki kwenye milango ya mahoteli. Alimpa ukurasa mmoja uliosalia, wa mkono wa binadamu, akamwomba auchore kwenye ukuta wa darasa, mrefu kuliko mtu. Mchoraji alifanya kazi nzuri sana. Mishipa ya damu ilikuwa myekundu, neva njano, misuli rangi ya matofali. Herufi ndogo za chini ya ukurasa hakuzichora, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba nazo ni sehemu ya mkono. Kwa miaka mingi kila muuguzi wa wilaya hii alijifunza mkono ule. Waliweza kuuchora wamefumba macho. Ninasema kwa heshima: wengi waliokoa maisha ya watu kwa elimu waliyoipata mbele ya ukuta ule. Lakini walitoka pale wakiamini kwamba Mungu naye aliunakili.

Nilikuwa nimehamia Baraka wakati Asumani, mwenye boti la kupakia mizigo ya Uvira na Kalemie, aliponiletea dada yake. Zabibu alikuwa mjane na mshonaji, na cherehani yake ndiyo iliyolisha watoto wake. Upande wa ndani wa mkono wake wa kulia, katikati ya kwapa na kiwiko, palikuwa na uvimbe kama limau. Kukunja kiwiko kulimshinda. Ili kuinua pasi ya makaa ilimbidi aukamate mkono wa kulia kwa wa kushoto, kama mtu anayemsaidia mlevi kusimama.

Asumani ndiye aliyeongea kwanza.

“Docteur, tumepita kwa bauguzi batatu. Wa Swima, wa Makobola, na mumoja wa hapa. Batatu banasema neno moja: uvimbe iko upande wa nerf ya mukono ya chini, ya vidole. Haiwezi kuzuia mutu kukunja. Basi, ao ni karuho, ni kusema balimulisha sumu ya bulozi, ao anajifanyisha.”

“Nijifanyishe juu ya nini, yaya?” Zabibu alimwambia kaka yake bila kuinua sauti. “Juu ukuje unigombeze mbele ya Docteur? Ile raha nilikuwa nayo nyumbani.”

“Batatu, Zabibu. Batu batatu hawawezi kukosea pamoja.”

Nilimuuliza Asumani wauguzi hao walisomea wapi. Akanitajia. Wote watatu walisomea shule ile ile, wakiutazama ukuta ule ule.

“Basi hukuniletea mashahidi watatu,” nilimwambia. “Umeniletea ukuta mmoja uliosema mara tatu.”

Kuhusu karuho sikusema kitu, kwa kuwa hakunionyesha kitu. Nilimpima mgonjwa. Misuli ya mbele ya mkono ilikuwa imesinyaa kuliko ya kushoto, nikaigusa na kuilinganisha. Hakuna mtu anayeweza kujifanyisha msuli uliosinyaa. Nilipobonyeza uvimbe, ganzi ilitambaa upande wa nje wa kigasha, mahali ambapo kwa mujibu wa ukuta neva nyingine kabisa inatawala. Nilipogeuza mkono dole gumba likaelekea juu, aliweza kukunja kidogo, kwa msaada wa msuli mwingine unaotegemea neva ya nyuma. Hilo nalo si la kubuni. Mwanamke aliyekuwa akidanganya angehitaji kusoma anatomia kuliko mimi ili adanganye vizuri hivyo.

Nilimwomba Dokta Wilondja ashuke kutoka Fizi. Alikuwa amezeeka, lakini alikuja, akampima yeye mwenyewe tangu mwanzo bila kuniuliza nilichokikuta. Alipomaliza alinivuta kando.

“Uvimbe uko ndani. Udhaifu uko mbele. Kuna anayekosea kati ya watatu: mama, uvimbe, au mchoro. Mama hana faida ya kudanganya. Uvimbe hauna mdomo.”

“Ninadhani neva ya kukunja inatoka ndani ya neva ya kati,” nilisema.

“Umeona?”

“Nimesoma.”

“Basi bado.”

Wakati ule hatukuwa na mashine ya kuonyesha neva kupitia ngozi. Kujua kulihitaji kufungua. Nilimweleza Zabibu hivi: tukiuacha uvimbe, utaendelea kubana na mkono utazidi kufa ganzi, tukiuondoa na kukata neva kwa kutoijua, nguvu ya kukunja inaweza isirudi kamwe. Alisikiliza akikunjakunja ncha ya kitenge chake. Asumani alitaka ampeleke Uvira kwa boti, na kutoka huko wapande Bukavu. Yeye alikataa.

“Uko kule nani atanijua? Hapa hata mukicheka, nitasikia ni nani anacheka,” alisema. Kisha akanigeukia. “Docteur, mi naomba kitu kimoja. Ukifika ndani ukaona kitu hauijue, usikate juu ya haya. Unifunge tu, nirudi nayo. Mukono ya kuuma naweza kushona nayo pole pole. Ya kulala, hapana.”

Vijana, sikieni ombi lile vizuri. Hakuniomba niwe hodari. Aliniomba nisione aibu. Sijawahi kupata maagizo bora ya upasuaji kutoka kwa profesa yeyote.

Tulimpasua asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Mimi nilishika kisu, Dokta Wilondja akashika ndoano za kupanulia nyama, na Mama Sifa, muuguzi wetu wa usingizi, akasimama kichwani kwa mgonjwa. Dawa tuliyokuwa nayo ilizima akili na maumivu lakini haikulegeza misuli. Wengi waliiona kuwa dawa ya maskini. Siku ile ilikuwa rafiki yetu.

Nilianza kwa kutafuta neva ya kukunja mahali pake pa kawaida, kati ya misuli miwili ya mbele. Nilitenganisha taratibu kwa ncha butu ya mkasi uliofungwa. Hapakuwa na neva. Palikuwa safi kama meza iliyofutwa.

“Haipo, au huioni?” Dokta Wilondja aliuliza.

“Haipo.”

“Umesoma, au—”

“Ninaona, Dokta.”

Alivuta ndoano kidogo kunipa nafasi, nikajua ameridhika. Nikaelekea kwenye uvimbe. Neva ya kati ilikuwa pale, nene, imeambatana na mshipa wa damu kama inavyopasa. Lakini juu ya mgongo wa uvimbe palikuwa na utepe bapa, mweupe uliofifia, umetandazwa na kuvutwa mpaka ukafanana na ganda la uvimbe wenyewe. Ili kuutoa uvimbe, njia fupi ilikuwa kuukata utepe ule.

Mama Sifa alichungulia. Alikuwa mtu hodari, na pia mwanafunzi wa ukuta. “Docteur, ile ni ngozi ya uvimbe tu. Na dawa yangu haitakaa sana.”

Nikamtazama Dokta Wilondja.

“Usiniangalie mimi,” alisema. “Mimi si mkono.”

Nilichukua kibanio kisicho na meno, nikakilowesha katika maji ya chumvi, nikaugusa utepe kwa wepesi, jinsi unavyogusa kope ya mtoto aliyelala ili ujue kama amelala kweli. Msuli wa mbele ukaruka. Kiwiko kikajikunja juu ya meza, na Mama Sifa akaurukia mkono ule kwa mikono yake miwili, akidhani mgonjwa anaamka.

“Analamuka, Docteur. Mama analamuka.”

“Halamuki,” Dokta Wilondja alisema. “Anajibu.”

Huu ndio ufundi ninaotaka mwondoke nao, hata mkisahau mengine yote. Kitu kisicho na jina ndani ya mwili hakiitwi utando, wala ganda, wala uchafu, mpaka kiulizwe. Kiguse kabla ya kukikata. Kifuate juu mpaka chanzo chake, kifuate chini mpaka mwisho wake, ndipo ukipe jina. Niliufuata utepe ule kwenda juu: ulitoka kwenye neva ya kati, katikati ya mkono. Niliufuata chini: uligawanyika na kuingia katika misuli ya mbele, na uzi mmoja ukaendelea kuelekea ngozi ya kigasha. Ndiyo iliyokuwa neva yake ya kukunja. Hakuwa na nyingine. Niliibandua kutoka mgongoni mwa uvimbe pole pole, Mama Sifa akiongeza dawa kidogo kidogo bila kulalamika tena, na Dokta Wilondja akidondoshea maji ya chumvi ili isikauke. Uvimbe ulitoka mzima, wa mafuta, njano kama mafuta ya kuku. Kabla ya kushona niliigusa neva tena. Kiwiko kikajibu.

Zabibu alipoamka aliuangalia mkono, akaniangalia mimi, akajaribu kukunja. Haukukunjika zaidi ya kabla.

Nilimwambia kwamba neva iliyobanwa kwa muda mrefu hurudi kwa mwendo wake na haipokei amri. Niliyasema kwa sauti thabiti, kwa sababu nilikuwa nimeona kiwiko kikijibu. Wiki zilipita. Sokoni walisema Docteur amekata nerf. Asumani hakuyasema mbele yangu, ila aliacha kunisalimia kwa jina. Zabibu alikuja kila nilipomwita, akafanya mazoezi niliyompa, akarudi nyumbani na mkono wake uliolala. Sikumwambia kwamba nami nilikuwa naogopa. Hilo lisingemsaidia kukunja kiwiko.

Asubuhi moja alikuja amebeba pasi ya makaa, tupu, bila moto. Aliiweka mezani pangu juu ya karatasi zangu, akaishika kwa mkono wa kulia peke yake, akaiinua hadi usawa wa kidevu. Mkono ulitetemeka. Aliishusha, akainua tena.

“Asante, Zabibu,” nilisema.

“Ni mi nasema asante, Docteur. Usinyanganye yangu.”

Nikamwonyesha kwa kalamu jinsi mkono wake ulivyo tofauti na mchoro. Nilitazamia ashangae. Hakushangaa hata kidogo.

“Docteur, mi nashona tangu ni mutoto. Sijaona mutu mabega yake mbili iko sawa. Ningekuwa nashona kufuata picha ya gazeti, nani angevaa?”

Nilimwomba mkuu wa shule ruhusa ya kuongeza michoro ukutani, akakubali kwa moyo mweupe. Mchoraji aliporudi na makopo yake, nikamwelekeza achore mkono wa pili ambamo neva ya kukunja inatoka kwenye neva ya kati, na wa tatu wenye tawi la kuunganisha. Alisimama akikuna shavu kwa mti wa brashi.

“Docteur, sasa ya kweli ni gani?”

“Zote.”

“Batoto batashindwa mutihani,” alisema, akaanza kuchora.

Siku hizi mambo yamekuwa mepesi. Mwaka jana daktari kijana alinionyesha mashine ndogo anayoipitisha juu ya ngozi iliyopakwa mafuta, na neva zikaonekana kwenye kioo kama sega la asali lililokatwa. Anaweza kuutia ganzi mkono mmoja tu bila kumlaza mtu usingizi, na anajua anakochoma sindano. Nilimwomba anipime na mimi. Mkono wangu wa kulia ni wa kawaida kabisa, jambo lililonisikitisha kidogo. Ninaishukuru mashine ile na aliyeibuni. Lakini kioo nacho kinaonyesha vivuli, na kivuli kisicho na jina huulizwa kama utepe ulivyoulizwa.

Nilibakiwa na kazi moja kwa Zabibu. Mkono wake ungeweza kufunguliwa tena siku moja na mtu asiyenijua, na nyaraka za hospitali katika nchi yetu hukimbia kama watu wanavyokimbia, ila zenyewe hazirudi. Kwa hiyo, kabla ya kumruhusu kwenda, mimi ninayechukia maneno ya mdomoni nilimfundisha maneno ya kubeba mdomoni, akayarudia mpaka nikaridhika: “Mukono yangu ya kuume, nerf ya kukunja haiko kati ya misuli. Inatoka kwa médian, katikati, upande wa ndani. Docteur aliona kwa macho.”

“Na ya kushoto niseme nini?” aliuliza.

“Sema hatujui.”

“Docteur mzima, aseme hatujui?”

“Hasa yeye.”

Kisha vita vikapita tena. Zabibu na watoto wake walivuka ziwa kwenda Tanzania, pamoja na wengi wa hapa, na kwa miaka sikujua kama yu hai. Niliyoyasikia juu yake sitayaandika, kwa kuwa yalikuwa mengi na hayakupatana. Dokta Wilondja alifariki katika kipindi hicho, kitandani mwake, jambo ambalo katika miaka ile lilikuwa neema.

Mwaka huu, nikiwa nimekwisha kustaafu hospitalini na kubaki na mitihani yenu tu, mwanamke mwenye mvi aliingia uani kwangu akapiga hodi kwa jina langu. Nilimtambua kwa jinsi alivyokunja ncha ya kitenge. Alinisimulia kwamba huko ng’ambo alianguka kutoka kwenye lori, mfupa wa mkono wa kulia ukavunjika katikati, ukahitaji kuwekewa chuma. Daktari aliyempokea alikuwa kijana. Kabla ya kulazwa usingizi, Zabibu alimwambia maneno yale, yote, mpaka na ya mkono wa kushoto.

“Akasema nini?” niliuliza.

“Alisema kwa Kiswahili yao ile nzuri: Mama, nimekusikia, lakini sitakuamini mpaka nione.”

“Ulikasirika?”

“Nilicheka. Nikamwambia, we na Docteur yangu muko wa baba mumoja.”

Alipoamka, daktari yule alikuja kitandani kumwambia kwamba ameiona neva pale pale aliposema, na kwamba chuma amekipitisha mbali nayo. Sijui jina la kijana huyo, wala sitalijua. Kama maandishi haya yatamfikia, apokee shukrani zangu kwa mambo mawili: alimsikiliza mgonjwa wake, na hakumwamini. Ninyi mliokosa alama, hayo mawili kwa pamoja ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta katika karatasi zenu.

Nilimwambia Zabibu kwamba hadithi yake ni nzuri, lakini hadi hapo nimeisikia tu. Alicheka, akapandisha mkono wa gauni. Makovu yalikuwa mawili, langu na la mwenzangu, yamelala sambamba. Akaketi kwenye benchi, akakunja kiwiko, akakaza ngumi, akaniambia nijaribu kuunyoosha. Niliweka fimbo chini, nikashika kigasha chake kwa mikono yote miwili.

“Vuta basi, Docteur,” alisema baada ya kitambo.

“Ninavuta.”